Zaburi Inayoishia Gizani

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimeomba vibaya. Kwa muda mrefu nimemlilia Mungu kwa ajili ya afya ya mdogo wangu, na Jumatatu majibu ya vipimo yalirudi mabaya kuliko ya kwanza. Usiku nikapiga magoti, nikaanza kama nilivyozoea: "Baba mwema, nakushukuru kwa fadhili zako..." Maneno yalijipanga yenyewe, huku moyoni nimefura kwa hasira. Nikasema amina, nikalala. Jumanne hivyo hivyo.

Jumatano nikafungua Zaburi ya 88. Naijua, ila huwa naipita haraka. Zaburi nyingi za kilio huanza chini zikapanda. Ya 13 inaanza na "hata lini?", na kufika aya ya 6 mtu anaimba. Hii ya 88, utenzi wa Hemani, haipandi. Anamwuliza Mungu kwa nini anamficha uso wake. Anamwambia waziwazi, wewe ndiwe uliyenilaza katika shimo la chini. Kisha anamalizia gizani, bila hata "lakini nitakusifu" moja. Na zaburi hiyo ni ya wana wa Kora, waimbaji, ili iimbwe mbele za Mungu! Roho Mtakatifu hakuiongezea aya ya kututuliza. Lakini tazama anavyoanza: "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Huyo anayemlaumu ndiye huyo huyo anayemwita Mungu wa wokovu wake, na hana mwingine wa kumwendea.

Nikafunga Biblia, nikasema kwa sauti: "Bwana, nimekukasirikia. Sielewi unachofanya." Nikalia sana. Sikusikia jibu lolote. Ila siku zile mbili nilikuwa namkariria Mungu maneno, na usiku ule nilisema naye.

Hapa niruhusuni niseme nasi tunaoongoza maombi, nikianza na mimi mwenyewe. Tumewafunga watu vinywa. Dada anasimama kuomba, sauti inamkatika, anamwuliza Mungu mbona amemsahau, nasi tunamkatiza: "Usikiri hivyo, kiri ushindi!" Anakaa chini, na hataomba tena mbele yetu. Eli alikuwa kuhani, na alimwona Hana akichezesha midomo akadhani amelewa. Hana akamjibu, "nimemimina roho yangu mbele za BWANA." Rafiki zake Ayubu nao walimtetea Mungu kwa maneno mazuri kweli kweli, na mwishowe hasira ya Mungu ikawawakia wao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ndugu zangu, tutubu. Sala ya mwenzako ikikutia hofu, piga magoti kando yake unyamaze. Mungu hahitaji umkinge na machozi ya mtoto wake.

Nawe mpendwa unayesoma haya ukiwa na donge kooni, mwambie. Mwambie lile lile unaloogopa hata kulinong'ona. Bwana wetu mwenyewe pale msalabani alipaza sauti, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hakuna aliyempenda Baba kuliko yeye.

Kesho mdogo wangu anaanza matibabu mengine. Usiku huu narudi magotini na swali langu la Jumatano. Mnapoomba, mkumbukeni naye.