Usiku wa Nashville, Alfajiri ya Kericho

Saa moja ya jioni ya Jumamosi mjini Nashville ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumapili huko kwetu Kericho. Wiki nzima kabla ya safari nilimkumbusha Baba tofauti hiyo, na kila nilipomkumbusha alinijibu vilevile: "Mama, saa ninazijua. Wewe fika tu." Alikuwa amenunua bando la intaneti siku tatu mapema, amechaji simu, na amemwonya mdogo wangu asije akaichukua kutazama mpira. Alitaka kusikiliza Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri wa Marekani kinachorushwa kutoka Nashville, jina ambalo amekuwa akilisoma kwenye majalada ya kaseti tangu ujana wake, na mara hii alitaka kusikiliza akijua kwamba mwanawe yumo ukumbini.

Niliondoka Atlanta, ninakoishi na kufanya kazi ya uuguzi, saa tano asubuhi. Njia ni ya kilomita 400 hivi. Ukishapita Chattanooga na kuanza kuipanda milima ya Tennessee, saa ya simu hujirudisha nyuma yenyewe kwa saa moja, nami nilifurahi kama mtu aliyeokota noti njiani.

Nilikuzwa na redio. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na redio yake ya betri ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mama. Mchana ilitupa habari na matangazo ya vifo. Jioni ndipo walipoingia Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton, Charley Pride na, juu ya wote, Don Williams. Betri zilipoanza kuchoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi, na kaseti tulizirudisha nyuma kwa kuzizungusha na kalamu, maana kurudisha kwa mashine kulikuwa kula betri bure. Baba alimpenda Charley Pride miaka kadhaa kabla ya kuona picha yake. Siku alipoletewa kaseti yenye jalada, akagundua kwamba mwenye sauti ile ni Mwafrika wa Marekani, mwana wa wakulima maskini wa pamba wa Sledge, Mississippi, ambaye mwaka 1971 alituzwa kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa muziki wa kantri nzima, alizunguka na jalada lile nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1997 Don Williams alipoimba Harare, Baba alipiga hesabu ya nauli za mabasi hadi Zimbabwe kwenye ukingo wa gazeti, akaukata, akauweka ndani ya Biblia. Hakwenda, kwa sababu mwaka huo watoto watatu wa nyumba yetu tulikuwa sekondari kwa wakati mmoja. Don Williams alifariki Septemba 2017, na kipande kile cha gazeti bado kimo mle. Safari yangu ilianzia kwenye kipande hicho.

Watu huniuliza kwa mshangao, hasa huku Marekani, imekuwaje Mkenya akaupenda muziki huu. Sisi Wakipsigis tumekuwa nao kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika kwetu, na jina lake likakaa katika ndimi zetu kwa namna hiyo. Kwa hiyo nyanya zetu waliliimba jina lake, kwa namna yao, kabla wengi wa wanaoniuliza swali hilo hawajazaliwa. Nyimbo zenyewe nazo zinahusu mambo tunayoyajua: ng'ombe, mvua iliyochelewa, mtoto aliyekwenda mjini asirudi, mama anayeomba, kanisa dogo kando ya barabara. Pale kijijini hakukuhitajika mtu wa kututafsiria.

Jumba la Opry liko kando ya Mto Cumberland, mbali kidogo na katikati ya mji, na lina nafasi ya watu 4,400 hivi wanaokaa kwenye mabenchi marefu kama ya kanisani. Mabenchi hayo ni kumbukumbu ya Ryman, jumba la ibada lililojengwa mwaka 1892 ambalo lilikuwa makao ya Opry kuanzia 1943 hadi 1974. Lakini kipindi chenyewe ni cha zamani kuliko hapo. Kilianza tarehe 28 Novemba 1925, katika studio ya kituo cha WSM kilichomilikiwa na kampuni ya bima, kwa mzee wa miaka 77 aliyeitwa Uncle Jimmy Thompson kupiga fidla. Tangu hapo kimeendelea kurushwa wiki baada ya wiki.

Nilikuwa nimeyasoma hayo yote, lakini kuna jambo moja ambalo sikulielewa hadi pazia lilipopanda na kuonyesha mchoro wa ghala jekundu la shambani nyuma ya bendi. Pembeni mwa jukwaa alisimama mtangazaji na karatasi zake, na baada ya kutukaribisha alianza kusoma tangazo la biashara kwa utaratibu, neno kwa neno, huku wanamuziki wakibadilisha vyombo nyuma yake. Hakuwa anatusomea sisi. Wimbo ulipokwisha alituomba tupige makofi kwa nguvu, na hayo makofi pia hayakuwa yetu. Yalikuwa ya watu walio majumbani, magarini na mashambani. Sisi watu elfu kadhaa, na tiketi zetu na mavazi yetu mapya, tulikuwa sehemu ya kipindi cha redio kinachotengenezewa wasiokuwepo. Nimehudhuria matamasha mengine ambayo msanii humsifu mtu aliyelipa kiingilio tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa naona kuna kitu yanakikosa. Pale Opry mgeni wa heshima ni msikilizaji wa mbali, na maisha yangu yote, pamoja na nyumba nzima ya Baba, tumekuwa yule msikilizaji.

Mzee mmoja wa Kentucky aliyekaa kando yangu aliniona nikiandika ujumbe, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nikimsimulia mtu. Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba yake alikuwa akiitoa betri ya gari kila Jumamosi jioni na kuiingiza sebuleni ili kuwashia redio, kwa kuwa shamba lao halikuwa na umeme, na majirani walikuja na viti vyao. WSM ilipata mtambo wa wati 50,000 mwaka 1932, na mawimbi yake, kama mawimbi yote ya aina hiyo, hudunda juu angani usiku na kwenda mbali kuliko mchana. Ndiyo maana redio ya Baba nayo ilinasa vituo vya nchi za mbali baada ya jua kuzama, tukikaa gizani tukihofia kusogea tusije tukakipoteza kituo. Mzee yule aliposema neno "betri" niliona kabati letu la vyombo mbele yangu.

Opry haina mwimbaji mmoja wa kumsubiri. Kila msanii huimba nyimbo mbili au tatu, hushukuru, huondoka. Anakuja kijana wa fidla, halafu mchekeshaji, halafu wacheza ngoma za jozi na sketi zao zinazofunguka kama miavuli, halafu mkongwe ambaye ukumbi wote humsimamia kabla hajafungua kinywa. Wapiga banjo walikuwa wepesi ajabu, na nilifurahi kukiona chombo hicho chenye asili ya Afrika Magharibi, kilichovuka bahari katika kumbukumbu za watu waliotiwa utumwani, kikishangiliwa hivyo. Lakini mtu niliyemtazama zaidi alikuwa hasemi na haimbi: mpigaji wa lile gitaa linalolazwa juu ya miguu minne. Kwa miaka yote nilidhani sauti ile inayolia na kuteleza, ambayo Baba huiita "ile ya kuvuta moyo", ni gitaa la kawaida lililopigwa kwa ujanja. Kumbe mpigaji huketi kama fundi cherehani. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi, mkono wa kushoto huburuta kipande cha chuma kinene kama kidole juu ya nyuzi bila kuzigandamiza, miguu hukanyaga pedali, na magoti husukuma vijiti vilivyofichwa chini, hata uzi mmoja upande huku mwingine ukishuka. Katika wimbo mmoja wa taratibu aliburuta chuma kile kwa umbali usiozidi upana wa kucha, akakitetemesha, akakiacha. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Chombo hicho kina asili ya visiwa vya Hawaii, na sijui chombo kingine ambacho hulazimisha mwili mzima kukaa kimya namna ile ili kitoe sauti ya kilio.

Baba alikuwa akinifuata kwa sekunde arobaini hivi, kwa sababu sauti ya intaneti huchelewa njiani. Nilipiga makofi, nikahesabu polepole, ndipo ujumbe ukaingia: "Nimesikia makofi. Ya kwako yalikuwa yapi?" Baadaye: "Huyu wa fidla ana haraka, ataanguka." Baadaye tena: "Tangazo la nini hilo?" Nikatambua kwamba kila kitu kinachonifikia, yeye bado hajafikiwa nacho, na kwa muda ule mfupi nilikuwa namjua mwimbaji anayemjia kabla yeye hajamjua.

Nilimkumbuka pia DeFord Bailey, kwa sababu ningeona aibu kukaa mle bila kumkumbuka. Alikuwa Mwafrika wa Marekani, mtu mfupi mwenye mgongo uliopindwa na polio ya utotoni, ambaye alipiga kinanda cha mdomo hata ukasikia gari moshi likikata kona. Usiku ambao jina Grand Ole Opry lilitamkwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1927, yeye ndiye aliyepiga mara tu kabla ya tamko hilo. Mwaka 1941 aliondolewa, akamalizia miaka yake ya kazi aking'arisha viatu papo hapo Nashville. Alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la kantri mwaka 2005. Wanaoniambia kwamba huu ni muziki wa Wazungu peke yao nawaomba waanze na yeye, kisha waende kwa Charley Pride, aliyefanywa mwanachama wa Opry mwaka 1993, tena waende wakisikiliza badala ya kubishana.

Kuelekea mwisho, mwimbaji mmoja mwenye mvi, ambaye alikuja na gitaa lake tu, alisema kwamba angependa kuimba wimbo wa Don Williams. Hakueleza zaidi. Aliimba kama wimbo ule unavyotakiwa kuimbwa, bila kupandisha sauti mahali ambapo mtu mwingine angejionyesha, akiacha kila neno litue kabla ya kuchukua jingine. Nilijua kwamba kwa sekunde arobaini nilikuwa nimeushika wimbo huo peke yangu, na kwamba Kericho bado kulikuwa na tangazo au maneno ya utangulizi, na Baba alikuwa amekaa kitandani bila kujua kinachokuja. Nikasubiri. Sekunde zikapita, wimbo ukaisha huku, watu wakasimama, na ujumbe haukuja. Dakika tatu baadaye ndipo uliponifikia: "Ameimba taratibu. Vizuri sana. Nimemwamsha mama yako."

Onyesho lilipomalizika nilibaki kwa ajili ya ziara ya nyuma ya jukwaa, ambayo nilikuwa nimeilipia pamoja na tiketi. Tulionyeshwa vyumba vya wasanii na visanduku vya barua vya wanachama, kisha tukapelekwa jukwaani, mahali ninapopataka tangu nilipokuwa msichana. Katikati ya jukwaa, mbele ya kipaza sauti, pana duara la mbao la upana wa futi sita hivi, lililokatwa kutoka sakafu ya Ryman na kupandikizwa hapa jumba hili lilipofunguliwa mwaka 1974. Mei 2010 Mto Cumberland ulipofurika, maji yalipanda hata jukwaa hili likazama. Duara lilitolewa, likakaushwa, likarudishwa, na Septemba mwaka huohuo kipindi kikarejea mahali pake. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba rangi yake ni tofauti na sakafu inayolizunguka, na kwamba mbao zake zimejaa mikwaruzo ya visigino na alama ndogo za duara zilizoachwa na vitako vya vipaza sauti. Jim Reeves alikuwa mwanachama wa Opry tangu 1955 hadi ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka katika mvua karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Viatu vyake vilikanyaga sakafu ile ya Ryman.

Kila mmoja alipewa nafasi ya kusimama juu yake na kupigwa picha. Zamu yangu ilipofika nilimwomba kijana aliyetuongoza anivumilie dakika moja, nikampigia Baba. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwao, naye alikuwa tayari zizini. Niliisikia ndoo, na maziwa yakiipiga. Nilimwambia niliposimama. Mlio wa maziwa ukakoma.

"Iweke simu chini hapo," akasema.

Nikapiga goti, nikailaza simu juu ya mbao, katikati ya duara, sauti yake ikiwa juu kabisa. Waliokuwa wakisubiri nyuma yangu walinyamaza, ingawa hawakuweza kujua ni nini. Baba akakohoa kusafisha koo, kama afanyavyo kabla ya kuingia nyumba ya watu.

"Chamgei," akaisalimia ile mbao kwa Kikipsigis. Nyuma yake ng'ombe alilia mara moja, kisha nikayasikia maziwa yakianza tena kupiga ndoo.