Eksirei imeshapigwa, CT scan ya nini tena?

Napiga picha za mionzi hapa Mwanza. Majeruhi wa bodaboda ndio wateja wangu wa usiku, na ndugu zao huniuliza swali hilohilo. Siwalaumu, bei inauma.

Tatizo ni kwamba majeruhi hupigwa eksirei akiwa amelala chali. Hewa iliyovuja kutoka kwenye pafu hupanda mbele ya kifua, damu hutuama mgongoni, na eksirei huvilundika vyote kwenye kivuli kimoja. CT scan hukata kifua vipande vyembamba kama mkate wa boflo, ukatazama kimoja kimoja. Kijana mmoja wa Igoma, eksirei ilionyesha mbavu zilizovunjika, basi. Kwenye CT kukawa na ukanda mweusi mbele ya pafu la kushoto: hewa. Nikampigia daktari simu kabla kijana hajashuka kitandani. Mama yake mlangoni: "Mwanangu, kuna nini?" "Mayu, daktari anakuja kukueleza."

Si kila aliyeanguka apigwe CT, maana mionzi yake ni makumi ya mara ya ile ya eksirei ya kifua. Na yule ambaye hewa imeshabana moyo, presha inaporomoka, asiletwe kwangu kabisa. Atobolewe kifua hukohuko mapokezi, hewa itoke.

Kipande kigumu ni "vuta pumzi, ibane". Mwenye mbavu zilizovunjika hawezi. Siku hizi sibishani naye. Mashine inamaliza kifua kwa sekunde chache, avute kadiri anavyoweza.