Chapati za Binti Sultani

Srirangam, kusini mwa India, ni kisiwa, ingawa ukivuka daraja kutoka mji wa Tiruchirappalli hutambui mara moja. Mto Kaveri umepita upande mmoja, Kollidam upande wa pili, na katikati limekaa hekalu la Vishnu, mungu wa Wahindu, lenye kuta saba, moja ndani ya nyingine. Kuta za nje zimezingira mitaa mizima. Watu wanaishi humo, wanafanya biashara zao, wanaanika nguo. Leo nimetembea humo pekupeku mpaka nyayo zikaungua kwa mawe. Kwenye ukumbi wa farasi nilisimama muda mrefu. Kila nguzo ni farasi aliyeinua miguu ya mbele, mpanda farasi mgongoni, na chini yake mnyama mkali anachomwa mkuki, vyote vimechongwa kwenye jiwe.

Wanasimulia kwamba mwanamfalme Rama alipomshinda Ravana, mfalme wa Lanka, alimzawadia Vibhishana, ndugu wa Ravana aliyejiunga na upande wa Rama, sanamu ya Vishnu aliyejilaza juu ya nyoka Shesha. Sharti lilikuwa asiitue chini mpaka afike Lanka. Kufika Kaveri akaitua ili aoge na kusali. Alipotaka kuinyanyua, haikubanduka. Vibhishana akalia, na Vishnu akamwahidi kwamba atalala papo hapo huku ameelekeza uso kusini, iliko Lanka. Ndivyo anavyolala mpaka leo.

Historia yenyewe ina machozi zaidi. Mwaka 1323 jeshi la sultani wa Delhi lilifika chini ya Ulugh Khan, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Muhammad bin Tughluq. Watu wengi waliuawa. Sanamu kubwa ilifichwa nyuma ya ukuta uliojengwa haraka. Ile ndogo, inayotembezwa mitaani siku za sherehe, ilitoroshwa na waumini wakiongozwa na mwanazuoni mzee, Pillai Lokacharya, naye akafia njiani. Ilirudi mwaka 1371. Kuna watu waliozaliwa Srirangam, wakaoa, wakazaa, bila kuiona hata siku moja.

Na bado ndani ya hekalu hilohilo binti wa sultani ana mahali pake. Wanamwita Tulukka Nachiyar. Hadithi inasema sanamu iliwahi kutekwa ikapelekwa Delhi, na binti sultani akaipenda kupita kiasi. Watu wa Srirangam walipofanikiwa kuirudisha, aliifuata safari nzima mpaka hapa, akafia miguuni pake. Hana sanamu, amechorwa ukutani. Katika nchi hii ya wali, yeye huandaliwa chapati za ngano, na Vishnu naye huvishwa msuli kwa ajili yake.

Sisi tusio Wahindu haturuhusiwi kufika ndani kabisa, kwa hiyo picha yake sikuiona. Sikuudhika, kila nyumba ya ibada ina taratibu zake. Ila mimi ni Mwislamu, nimekulia pwani, na habari ya yule binti imenishika kuliko minara yote 21. Natamani kujua aliyeanza kumpikia. Ni kuhani gani aliyesimama mbele ya wenzake waliofiwa na baba na kaka, akasema mtoto wa sultani naye atengewe chakula? Na wale wenzake, walimjibu nini?