Siku moja maishani mwangu: fundi wa kufuata gari nyumbani

Saa 11 alfajiri naamka, naswali, nakagua begi: boksi spana, jeki, stendi mbili, tochi, chupa tupu za maji. Sina gereji. Huu mwaka wa tisa nafuata magari majumbani kwa watu hapa Dar es Salaam. Saa 2 asubuhi nimeshuka daladala Tabata.

Gari niliisikia nikiwa bado getini. Corolla ya miaka ya 90, imewashwa, na kila usukani ukikatwa inatoa mlio mrefu wa kuvuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hiyo ni stelingi reki, nimeshaambiwa. Wewe fungua tu."

Reki ndiyo inayogeuza magurudumu ukikata usukani. Nikamwomba anipe muda nisikilize. Nilimwagia mkanda maji kidogo. Mkanda unaoteleza hubadili sauti ukilowa, ule haukubadilika. Nikafungua kopo la oili ya stelingi. Oili ilikuwa ya kahawia, ina povu juu na inanuka kuungua. Nikalegeza mkanda wa pampu ya stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, nikauvua, nikawasha injini kidogo: kimya. Nikazungusha puli kwa mkono, inakwaruza na inacheza. Mbovu ni pampu, hapo reki haihusiki.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Nusu saa nzima hujafungua hata nati moja. Sasa nakulipa nini?"

Baba yangu, hiyo nusu saa ndiyo kazi yenyewe! Kufungua nati hata kijana wa wiki mbili anaweza. Ningemsikiliza aliyemwambia reki, angetoa pesa nyingi na mlio ungebaki palepale.

Saa 4 pampu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia mpwa wake aende nayo Gerezani, kwenye maduka ya spea, iwe sampuli. Mzee akakataa, anamfahamu muuzaji, atampigia simu tu. Saa 6 na nusu bodaboda ikaleta pampu yenye puli pana kuliko ya kwetu na tundu la paipu ya presha limeangalia upande mwingine. Ikarudi, safari hii na sampuli. Mimi nikabaki juani, maana gari limeinuliwa na siwezi kwenda kazi nyingine. Ya pili ilifika saa 9 kasoro. Kazi ya asubuhi ikawa imeliwa na foleni ya Buguruni.

Wakati nasubiri nilikagua mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Ulikuwa umekauka kama gome, umepasuka penye klipu. Pale ndipo upepo ulipokuwa unaingia, oili inatoka povu, na pampu inayovuta povu hujitafuna yenyewe. Nikamwonyesha mzee. Akasema tulikubaliana pampu, siyo mpira.

Tulibishana sana. Kufunga pampu mpya kwenye mpira ule ni kumwibia mtu, hata kama mwenyewe ndiye anayetaka kuibiwa. Mwisho nikaenda duka la karibu, nikanunua mpira wa oili na klipu mbili kwa pesa yangu.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Nilifunga pampu, nikaweka washa mpya za shaba kwenye paipu ya presha, nikakaza mkanda. Mpira wa kurudishia nikauelekeza kwenye chupa nikasukuma uchafu wote nje, halafu nikajaza oili mpya ya stelingi, ATF nyekundu. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani, injini imezimwa, nikakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, taratibu, mara ishirini na zaidi, kila mara nachungulia kopo na kuongeza. Ukiwasha kabla upepo haujatoka, pampu mpya italia kama ya zamani. Mabega yalikuwa yanawaka.

Giza linaingia nikawasha. Mzee akakaa mwenyewe, akakata usukani kwa mkono mmoja. Gari kimya. Akazima, akawasha tena, akakata tena.

Alinilipa ufundi wote tuliopatana. Ya mpira hakuitaja, nami sikuidai.

Nimefika nyumbani saa 3 usiku na pampu ile mbovu kwenye begi. Kabla ya kuoga nikaifungua chini ya taa. Ukuta wa ndani una michirizi pande zote, na oili iliyobaki inameta vumbi la chuma. Nimeifunga kwenye gazeti. Kesho naipitisha Tabata, mzee aione.