Jino la kwanza limetoka
Leo nimempeleka kitinda mimba wangu kwa daktari wa meno. Ana miaka sita. Jino la mbele la chini lilikuwa linacheza, na jipya limeshachomoza nyuma yake. Nilijiandaa kwa kilio. Wapi! Kapanda kiti mwenyewe, kaachama, kisha kamuuliza daktari, "Utayang'oa yote?"

Daktari, mama mpole sana, Mungu ambariki, akamweleza kuwa meno ya utoto ni 20 na yatadondoka moja moja mpaka karibu miaka 12. Mimi akanionyesha gego jipya kule nyuma kabisa. Hilo halichukui nafasi ya jino lolote, linaota tu nyuma ya mengine, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Jamani, tulipigieni mswaki, ni la maisha!

Bibi yake kashapiga simu, anataka jino litupwe juu ya bati. Mimi nimeomba nibaki nalo. Si juzi tu nilikesha naye, fizi zimevimba, likiota hilihili? Tulipotoka akaniambia, "Mama, usinishike mkono, navuka mwenyewe." Nimemshika vilevile.