Walisema giaboksi imekufa

Fundi wa kwanza alisema giaboksi ya Subaru yangu imekufa. Wa pili naye akasema imekufa, ila yeye anayo ya mtumba kutoka Japani, laki na kitu, na hii yangu ataichukua "kama vyuma". Wa tatu alinihurumia. "Sheikh, toa propela utupe. Hapa Mombasa wataka fowili ya nini, wapanda mlima gani?" Hakuna hata mmoja aliyeingia chini ya gari. Huyu wa tatu hata kwenye benchi hakuinuka.

Huo ushauri wa kutoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ili gari liache fowili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, nitaumaliza kwanza, maana nimeona magari yaliyoharibiwa nao. Kwenye Subaru za oto (zinazobadili gia zenyewe) za miaka ile, ncha ya mbele ya propela imechomekwa kwenye mkia wa giaboksi, na sili ya mafuta imeikumbatia ncha hiyohiyo. Ukiichomoa ukaenda zako, mafuta ya gia yatamwagika kupitia tundu lile, na hapo ndipo giaboksi itakufa kweli. Halafu kama shida yako ni kutaka gari livute mbele tu, kuna fyuzi moja inafanya kazi hiyo bila kugusa spana. Nitaifikia.

Gari lenyewe ni Forester ya 1997, ya oto, namba yake yaanza na KAR. Mwaka huohuo Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza, na tangu hapo kila mwenye Subaru nchini anajiona ni yeye, mimi nikiwemo, hata kama mwendo wangu siku hizi ni wa kwenda Kongowea kununua nazi.

Asubuhi gari halikuwa na neno. Lakini likishazunguka mjini kwenye joto letu la Machi, likakaa foleni ya Makupa, kisha ukakata usukani hadi mwisho ili uegeshe, basi. Linajivuta kana kwamba mtu kavuta breki ya mkono, nyuma kunaruka, tairi zinalia kwenye lami. Likoni ndiko lilikonifedhehesha. Anayepanga magari kwenye feri anakupungia ukate kona kali uingie ubavuni mwa lori, nami narukaruka juu ya chuma, watu wa miguu wananipigia kelele: "Dereva, shusha handibreki!" Ilikuwa imeshushwa tangu Tudor.

Ukitaka kuelewa ugonjwa huu, tazama gari likikata kona kwenye mchanga uone nyayo za tairi. Magurudumu ya mbele huchora duara kubwa kuliko ya nyuma. Yote manne yakiwa yanavuta, lazima katikati pawe na kitu kinachokubali kuteleza kidogo, la sivyo mbele na nyuma vitagombana. Kwenye Forester ya oto kitu hicho ni klachi ya sahani nyingi iliyo mkiani mwa giaboksi. Inabanwa na shinikizo la mafuta, na shinikizo hilo linapunguzwa na solenoidi ndogo, vali ya umeme, ambayo wenyewe wanaiita Duty C. Kompyuta ya gia ikiipa umeme mwingi, klachi inaachia. Ikikosa umeme kabisa, klachi inabana moja kwa moja. Walioiunda waliona heri gari livute kote kuliko likose nguvu nyuma. Kwa hiyo waya ukikatika tu, kwenye lami kavu unapata mieleka niliyoipata mimi.

Kabla ya yote, tairi. Nilimwendea jirani yetu mshoni nikaazima futi yake ya kitambaa. Akauliza, "Ami, wamshonea nani?" Nikamwambia namshonea Forester, akanitazama vibaya, akanipa. Nikazungusha kila tairi kiunoni. Tatu zilikuwa sawasawa, ya nne, iliyonunuliwa peke yake baada ya pancha, iliwazidi wenzake karibu sentimita tatu. Sentimita tatu si mchezo. Tairi jipya lina meno ya milimita 8 hivi, lililochoka labda 3. Tofauti ya milimita 5 tu kwenye meno inakupa zaidi ya milimita 31 kwenye mzunguko, na magari haya yanataka tofauti isizidi milimita 6. Mwenye gari la kuvuta kote akikuambia amenunua tairi moja, mwonee huruma.

Nikapata tairi la mtumba lenye umri wa wenzake. Mieleka ikapungua, haikuisha.

Sasa ile fyuzi. Ndani ya boneti kuna kijisanduku kitupu, kifuniko chake kimeandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu. Ukichomeka fyuzi hapo, ya ampea 15 yatosha, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na kompyuta inaiamuru Duty C iachie klachi yote. Kiliwekwa kwa ajili ya siku umefunga tairi la akiba dogo. Kwa mwenye kutafuta ugonjwa ni dawa: ukichomeka na mieleka ikaisha, klachi na solenoidi vinatii, katafute kwengine. Ikiendelea, mgonjwa yuko mkiani.

Nilichomeka asubuhi baada ya chai. Gari likakata kona laini, hata mahamri juu ya dashibodi yasingeanguka. Nilipotoka mjini jioni, fyuzi iko palepale, taa ya FWD inawaka, gari linaruka. Gari moja, fyuzi moja, majibu mawili. Hapo ndipo nilipojua wale mafundi watatu wasingelitibu hata wangeinuka, maana wote walilitazama likiwa limelala usiku kucha. Gari linalougua likiwa moto lipimwe likiwa moto.

Mtu mmoja barazani akanishauri nibadilishe mafuta ya gia kisha nizunguke namba nane, eti klachi itajisafisha. Ushauri huu una watu wake na si wa kijinga, kwa hiyo niliufuata. Ukifungua bolti ya chini hutoka lita nne hivi, na giaboksi yabeba zaidi ya mara mbili ya hizo, ndiyo maana unamwaga na kujaza tena na tena. Yaliyotoka yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Nikaenda kwenye kiwanja cha mpira huko Kisauni, kile chenye mchanga, nikazunguka nane mbele na nyuma huku watoto wakinikimbiza. Laini kabisa! Nikarudi naimba. Kuingia kwenye lami ya Nyali, rrrk. Kumbe mchanga unaacha tairi ziteleze, kwa hiyo hata gari lililobana litazunguka kwa adabu. Mafuta nayo kama elfu kumi na mbili, labda zaidi, sikutaka kuhesabu.

Jambo jengine lililonikera: gari la aina hii lina namna ya kujisema. Kwenye langu kuna taa iliyoandikwa AT OIL TEMP, ya joto la mafuta ya gia. Kompyuta ya gia ikiwa imerekodi hitilafu, taa hiyo humeta mara 16 unapowasha injini. Langu halikumeta, nikalihesabu zima. Mpwa wangu, mtoto wa sekondari, ndiye aliyeuliza: "Ami, mbona ukifungua swichi taa zote zawaka isipokuwa hiyo?" Tukafungua dashibodi. Balbu haipo. Mtu aliyelimiliki kabla yangu aliing'oa, akauza gari. Tukaweka balbu ya shilingi chache, taa ikameta kama disko.

Basi nikanunua mita ya umeme ya bei nafuu pale Mwembe Tayari. Duty C inapimika bila kufungua chochote chini, kwenye soketi ya nyaya iliyo juu ya giaboksi. Kwa gari la turbo utatoa kwanza intakula, kipoza hewa kilicholala juu ya injini. Koili ya solenoidi isiyo na ugonjwa hukaa kati ya ohm 10 na 17 za ukinzani. Gari likiwa baridi, 12. Safi. Tukalizungusha mjini, likapanda joto, likaanza visa vyake, tukarudi mbio, tukafungua, nimeungua mkono hadi kesho. Mita ikaonyesha hakuna njia kabisa. Tukanywa kahawa tungu tukisubiri lipoe, na pale macho yetu yakiwa kwenye mita, tarakimu zikarudi zenyewe: 13. Nilipiga ukelele, mke wangu akatoka nje akidhani nimebanwa na gari.

Solenoidi nikaipata kwa wauza vipuri vya mtumba, imetolewa kwenye giaboksi iliyokufa ya kweli. "Hii nzima kabisa, yatoka Japani," akasema muuzaji. Nikamwambia, sawa, lakini ikifeli kwenye moto nairudisha. Akacheka, moto gani? Sikumweleza.

Huu ndio mtambo wangu ninaouonea fahari. Chukua kopo la maziwa, tia mafuta ya gia, ning'iniza solenoidi ndani kwa uzi huku nyaya za mita zimebanwa nje. Kopo usilitie jikoni! Litie ndani ya sufuria ya maji, na sufuria ndiyo ikae juu ya jiko. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo mafuta hayawezi kushika moto, na joto hilo ndilo karibu na la giaboksi kazini. Ukinzani utapanda polepole, kutoka 12 mpaka 15 hivi, nao huo si ugonjwa, shaba ikipata joto ndivyo ilivyo. Unachokitafuta ni kukatika. Ile ya "nzima kabisa" ilikatika hata maji hayajachemka. Nikairudisha, muuzaji akabisha, nikamwalika nyumbani aone sufuria. Akanipa nyengine bila maneno. Hiyo ikachemka nayo hadi maji yakaanza kuisha, haikukatika. Elfu sita na kitu. Sufuria ilikuwa ya kaimati, na kesi yake bado haijafungwa.

Kushusha mkia si lazima ushushe giaboksi, hilo ndilo mafundi hawapendi ujue. Ekzosi inatoka, propela inatoka, giaboksi inashikiliwa kwa jeki na kipande cha ubao, kisha mhimili wa nyuma. Gari likae juu ya stendi za chuma, si jeki pekee, wala si matofali ya matumbawe, yanapasuka bila salamu. Kazi halisi ni bolti. Hewa yetu ya chumvi huzila hadi zinakuwa kitu kimoja na chuma. Nilichanganya mafuta ya gia na asetoni nusu kwa nusu, nikazipaka jioni nikaziacha zilale. Za giaboksi zilikubali zote. Ya ekzosi moja ilikatika, kama ilivyoandikwa.

Ndani nikakuta jambo la pili. Kikombe kinachobeba sahani za klachi kilikuwa na mikato pale meno ya sahani yanapopita, kazi ya lile tairi kubwa. Sahani zikibanwa zinanasa kwenye mikato, na hata shinikizo likiondoka hazirudi. Kikombe kipya kilitajwa bei ya kuchekesha, kwa hiyo nikakaa barazani na tupa ndogo nikisawazisha kila mfereji, kisha msasa, kisha kuosha kwa petroli hadi kidole hakikwami. Wapita njia waliuliza nachonga nini.

Gasketi sikununua. Karatasi ya gasketi unailaza juu ya mdomo wa mkia, unagongagonga kingo kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, chuma chenyewe kinaikata. Matundu ya bolti vilevile.

Ukijaza mafuta upya, pima gari likiwa tambarare, moto, injini ikinguruma, gia iko P. Na uangalie: dipstiki ya gia iko kushoto. Ile ya upande wa dereva ni ya difu ya mbele, yake ni mafuta mazito ya gia na hayachanganywi. Nilishamzuia mtu wa kituo cha mafuta mkono wake ukiwa na chupa juu ya tundu lisilo lake.

Mchana wa jua kali nikaenda Likoni kusudi. Nikapungiwa ile kona ya kando ya lori, nikakata hadi mwisho, gari likaingia kimya. Nikarudi kwa feri iliyofuata, nikaingia tena, sina kazi upande wowote.

Taa ya AT OIL TEMP sasa inawaka na kuzima inavyotakiwa. Fyuzi ya FWD nimeirudisha kwenye droo ya dashibodi. Kilichobaki ni beringi ya nyuma kushoto, inayovuma nikipita kilomita 80 kwa saa barabara ya Mtwapa, na hiyo inataka presi, tupa na sufuria havitasaidia. Mwenye kumjua mtu wa presi Changamwe au Jomvu, anayeinuka kwenye benchi, aniambie.