Kanda za Callas zilivyopona ukungu hapa Mtwara

Maria Callas, mwimbaji wa opera (tamthilia za kuimbwa), nilimjua kupitia kwa mwalimu wetu wa kwaya, aliyekuwa akituwekea kaseti zake sisi wa sauti ya kwanza ili tusikie pumzi inavyotunzwa. Aliporudi kwao Songea, kaseti zake aliniachia mimi. Nyingi si za studio. Ni za jukwaani, watu walizirekodi Callas akiimba opera mbele ya watazamaji: Aida ya Mexico City, 1951, Lucia ya Berlin, 1955, Karajan akiongoza okestra, La Traviata ya Lisbon, Machi 1958.

Hizi nazipenda kuliko zote. Studio ukiteleza unarudia. Jukwaani ni pale pale. Sikilizeni ile Aida, mwisho wa sehemu ya pili. Kwaya nzima inavuma, matarumbeta yanavuma, halafu Callas, binti wa miaka 27, anapanda kwenye noti ya juu mno ambayo Verdi, mtunzi wa opera hiyo, hakuiandika kabisa, anaishikilia juu ya wote, na ukumbi unalipuka kwa kelele.

Lakini sisi tunakaa Shangani, na hewa ya bahari haina huruma. Kwenye kidirisha cha kaseti ya Traviata niliona unga mweupe umetanda ukingoni mwa utepe. Ukungu. Kanda ya namna hiyo usiipige, maana ukungu utahamia kwenye hedi, kile kipande cha deki kinachosoma utepe, na kwenye kila kaseti utakayoweka baadaye. Niliziweka kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu sokoni walinipa bure. Kipindi cha kusi, hewa ilipokuwa kavu, nilikaa barazani nimejifunga kitambaa puani, nikazungusha utepe polepole kwa kalamu ya Bic huku ukipita katikati ya kitambaa laini kikavu. Kisha nikafungua skrubu tano na kuhamishia utepe kwenye gamba safi la kaseti nyingine.

Deki nilipeleka kwa fundi redio. Alisafisha hedi na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, akaweka Traviata, akanionyesha skrubu ndogo kando ya hedi.

"Fundi, mbona sauti imefifia hivi?"

"Hedi imekaa upande, mwanangu. Wewe sikiliza zile s-s-s za huyo mama. Zikiwa kali, niambie."

Alizungusha bisibisi kidogo sana, akarudisha, akazungusha tena. Mara sauti ikafunguka kama dirisha. Nilipiga kelele, "Hapo hapo, fundi!"

Nyumbani niliunganisha deki na laptopu kwa waya na kurekodi kwa programu ya Audacity. Laptopu niliitoa kwenye chaji, na mngurumo wa umeme ukapotea. Nilihifadhi kwa WAV, faili isiyobana sauti, siyo MP3 inayoibana. Upande mmoja wa dakika 45 unakula karibu MB 480, na unastahili.

Mpwa wangu alitaka tupitishe kifuta kelele. "Shangazi, hiki kikohozi cha watu tukiondoe." Nilikataa. Lisbon ile unamsikia hata yule anayewanong'onezea waimbaji maneno, na watu wanakohoa kweli. Lakini Callas anapoanza wimbo wa "Dite alla giovine", sauti nyembamba kama anaogopa kuivunja, kila kitu kinanyamaza, na ukinyamazisha kwa mashine hutajua kwamba ukumbi ulinyamaza wenyewe. Kifuta kelele kingekula na pumzi yake pia.

Nakala moja iko kwangu, nyingine kwa kaka Masasi, mbali na bahari. Ya tatu nilimtumia mwalimu kwenye flashi. Alipiga simu siku hiyo hiyo: kumbe anayo pia opera ya Anna Bolena ya La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, 1957, nayo imeota ukungu. Ameshaikabidhi kwa kondakta wa basi.